Unaishi China na una kamera? Uzi wa picha za mtaani, hasa kwa walioko Guangzhou

Kipanga wa Xiaobei (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nyuzi zetu sisi tunaoishi China karibu zote ni za bei ya kontena, viza, ada za vyuo na simu gani ya kununua. Zinatusaidia, sina neno. Leo naomba tufungue wa picha. Sisemi picha za kujipiga mbele ya Canton Tower. Nasema picha za mtaani: unatoka na kamera, unatembea, unapiga maisha ya watu yanavyokwenda, bila kumpanga mtu wala kumwambia acheke.

Mimi niko ofisi ya mizigo hapa Guangzhou, upande wa mali zinazokwenda Kariakoo. Kazi yetu ina kusubiri kwingi. Kiwanda hakijaleta mali, lori limekwama, mteja hajatuma hela. Wengine muda huo wanalala, wengine wako kwenye simu. Mimi nilichukua kamera, na hapo ndipo nilipoanza kuishi Guangzhou hasa. Kabla ya hapo maisha yangu yalikuwa godauni, chumbani na kwenye migahawa yetu ya Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa mjini, utadhani China yote ni barabara moja.

Niseme msimamo wangu mapema ili tujadiliane. Mafunzo mengi ya picha za mtaani yanamtaka mpiga picha ajifiche, apige na kuondoka kabla hajaonekana. Kwa mtu mweusi China ushauri huo haufai. Ukiingia kichochoro cha Liwan, wilaya ya mji wa zamani, umeshaonekana kabla hujafungua begi. Mtoto anakunyooshea kidole, bibi anageuza kiti akutazame vizuri, kijana anatoa simu akupige wewe. Usipoteze nguvu kupambana na hilo. Chagua mtaa mmoja, nenda, rudi, rudi tena mpaka wakuzoee, halafu picha ulizopiga zichape uwarudishie wenyewe. Mgeni anayejulikana anapata picha ambazo mtu wa kujificha hazipati maisha yake yote.

Hata wakubwa wa kazi hii waliokuja China kama wageni hawakupita mbio. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliletwa mwishoni mwa 1948 kwa kazi ya majuma mawili, akakaa takriban miezi kumi kati ya Beijing na Shanghai. Mwenzake Marc Riboud aliingia 1957 na aliendelea kurudi kwa miongo mingi.

Sasa, wapi? Pahala ninapopapenda kuliko pote ni Kangle, wilaya ya Haizhu, jirani na soko la vitambaa la Zhongda. Wanaonunua vitambaa wanalijua hilo soko, ila wengi wanaishia dukani. Ingia ndani zaidi. Kule ni vijiji vilivyomezwa na jiji, ghorofa zimebanana, na ndani yake karakana ndogondogo za kushona, wengi wao watu wa Hubei. Asubuhi wenye karakana wanajipanga pembeni ya barabara, kila mmoja kashika sampuli ya nguo anayotaka ishonwe. Huyu kashika blauzi kwenye henga, yule kakaa juu ya pikipiki ya umeme, suruali inaning'inia kwenye usukani. Mafundi wanapita. Fundi anasimama, hasemi kitu, anaigeuza nguo ndani nje, anauvuta mshono kwa kidole gumba, anaangalia mifuko, ndipo anauliza bei ya pisi. Isipomfaa anaiachia nguo na kwenda kwa mwingine. Mkono ule unaokagua mshono ndio picha yenyewe. Sura si lazima.

Na kule wahini, kwa sababu karakana nyingi zinahamishiwa Qingyuan, kaskazini ya hapa, na mpango wa kubomoa na kujenga upya upo. Mtaa kama huo ukiondoka haurudi.

Pa pili ni barabara ya Enning Lu, Liwan. Majengo ya zamani, ghorofa ya juu imetokeza mbele na kubebwa na nguzo, watu wanapita chini yake wakikingwa jua na mvua. Asubuhi jua linaingia kati ya nguzo kwa vipande: hatua moja mtu yuko gizani, hatua inayofuata uso wote unawaka. Simama upande mmoja, pima mwanga wa kile kipande cha jua, subiri watu waingie wenyewe. Kuna mafundi wa shaba wanagonga sufuria na mabirika milangoni, nao hawana shida na mtu anayekaa kuangalia.

Shipai pia, wilaya ya Tianhe, nyuma ya maduka ya kompyuta. Nyumba zimekaribiana kiasi kwamba majirani wa pande mbili wanaweza kupeana mikono dirishani. Saa sita mchana mwanga unashuka mstari mmoja mwembamba kati ya nyaya na nguo zilizoanikwa, dakika chache tu, kisha umeondoka. Wapeleka chakula wanapita na pikipiki zao kwa kasi, kwa hiyo uwe macho.

Karibuni. Walioko miji mingine leteni ya kwenu.

bwana_lenzi

Mkuu hongera, uzi umetulia. Mimi niko Dar ila nakuja Oktoba kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, hapo Guangzhou. Swali la kawaida: kamera gani, na naipata wapi bila kupigwa? Au simu inatosha?

Kipanga wa Xiaobei

Karibu mkuu. Simu inatosha kuanzia, usichelewe kwa sababu ya kifaa. Ila kamera ndogo ina faida moja kubwa: mtu anaona unafanya kazi ya picha. Siku hizi ukimnyooshea mtu simu anafikiri unamrusha Douyin, TikTok ya huku.

Mimi natumia kamera ndogo ya mkono wa pili yenye kioo cha nyuma kinachoinuka. Unaishika usawa wa tumbo, unaangalia chini, na humkodolei mtu macho. Ndivyo alivyofanya kazi Fan Ho, mzaliwa wa Shanghai wa 1931, aliyeipiga Hong Kong ya miaka ya 1950 na 1960 kwa Rolleiflex, kamera ambayo unaitazamia kwa juu. Tafuta picha zake kabla hujapanda ndege. Utaona alivyotumia moshi, ngazi na kivuli cha ukuta, na mara nyingi mtu kwenye picha ni mdogo kabisa. Kwangu mimi hakuna mwalimu mzuri zaidi kwa miji ya kusini mwa China, maana mwanga wake na vichochoro vyake ndivyo hivihivi vyetu.

Kununua: Guangzhou kuna soko la Dashatou, la vitu vilivyotumika, kamera zimejaa. Nenda mchana, washa kamera, piga picha ya ukuta mweupe uangalie madoa kwenye kihisi, zungusha kila kitufe, fungua kifuniko cha betri uangalie kutu. Muuzaji akikuharakisha ondoka, maduka ni mengi. Mtandaoni watu wanatumia Xianyu, programu ya kuuziana vitu vilivyotumika, ila uwe na rafiki wa Kichina wa kukusomea maelezo. Beijing soko lao ni Wukesong, Shanghai ni Xingguang, Luban Lu. Lenzi za bei nafuu angalia TTArtisan na 7Artisans, zinatengenezwa Shenzhen hapa jirani, na kwa kazi ya mtaani zinatosha kabisa.

Jambo jingine ambalo watu wa Dar hamtalitegemea: unyevu. Kati ya Februari na Aprili kuna siku Guangzhou inatoka jasho. Hewa ya joto inatoka baharini na kukuta kuta bado za baridi, basi sakafu inalowa, vioo vinalowa, na ukitoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi lenzi inaganda ukungu hapohapo. Iache kwenye begi lililofungwa mpaka ilingane na joto la nje. Nyumbani weka kwenye sanduku la kukaushia, la sivyo utaotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu haitoki kirahisi.

Nyandarua254

Salamu kutoka Wuhan. Nasomea sheria huku, na pia mimi hupiga picha. Nawaomba msiende barabarani bila kujua haya.

Sheria ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, inampa kila mtu haki juu ya sura yake. Kifungu cha 1019 kinasema bila idhini ya mwenyewe huwezi kutengeneza, kutumia wala kutoa hadharani sura yake. Oneni hilo neno kutengeneza: si kuchapisha peke yake, hata kupiga kwenyewe kumetajwa. Kifungu cha 1020 kinaweka nafasi zinazokubalika, mojawapo ni pale unapoonyesha mazingira fulani ya hadharani na sura ya mtu ikaingia bila kuepukika. Kwa hiyo picha ya soko zima lenye watu ina nafasi nzuri kuliko uso wa mtu mmoja umeujaza fremu nzima, halafu ukauweka mtandaoni.

Pili, pasipoti. Mgeni mwenye miaka 16 na zaidi anatakiwa kutembea nayo. Askari akikusimamisha ukiwa na kamera na huna pasipoti, mazungumzo yanabadilika. Na msipige wanajeshi, mageti ya kambi, askari walio kazini, wala mkusanyiko wa watu wanaolalamika. Sheria ya kupambana na ujasusi ilikazwa kuanzia tarehe 1 Julai 2023, na mgeni mwenye lenzi ndefu mahali pabaya hana wa kumtetea.

Watu wenyewe pia wamekuwa waangalifu. Juni 2023 picha ya mtaani iliyopigwa Chengdu, kwenye maduka ya Taikoo Li, ilimwonyesha meneja wa kampuni ya serikali akiwa ameshikana mkono na mwanamke asiye mke wake. Ilisambaa nchi nzima na bwana akapoteza cheo. Tangu hapo mtu akiona lenzi ana sababu ya kujiuliza.

Kuhusu Wuhan: njoo asubuhi. Watu wa hapa hula kifungua kinywa wakitembea. Utamwona mtu na bakuli la karatasi la reganmian, tambi za moto za ufuta, anachanganya ufuta na tambi huku anavuka barabara, begi la ofisi begani, hamwagi hata tone. Halafu panda feri ya mto Yangtze kuelekea upande wa Hankou, pikipiki zinaingia chombo kizima na waendeshaji wanakaa juu yake wakitazama maji. Hiyo feri nimeipiga mwaka mzima na bado sijaimaliza.

Zuhura wa Yiwu

Kaka Kipanga, nakusoma na nakubali, ila nina la kusema na nalisema kwa uzito.

Mimi ni mfanyabiashara, mwanamke, navaa hijabu yangu, na nimeishi Yiwu, mji wa mali za jumla, miaka. Naona picha wanazopiga wageni hapa. Mbeba mizigo kalala juu ya mkokoteni mdomo wazi. Mzee kavua shati, kitambi nje. Bibi anaokota maboksi. Halafu wanaandika kwamba hiyo ndiyo China halisi. Sisi kwetu tunakasirika mtalii akishuka kwenye gari Zanzibar na kumpiga mtoto anayelia bila kumuuliza mama yake. Kwa nini tukifika kwa watu tufanye yaleyale? Yule mbeba mizigo angeamka, angependa mkewe amwone hivyo?

Mimi napiga kina mama wa soko la usiku la Binwang. Nanunua kwanza. Naongea nao, wananishika kitambaa, wananiuliza nimekifungaje, tunacheka. Kamera inatoka baada ya hapo, na mara nyingi wao ndio wanaoniambia piga. Mtanisema hizo si picha za mtaani kwa sababu wanajua napiga. Sawa. Lakini ninaweza kumwonyesha yeyote kati yao picha yake bila kuinamisha macho.

Kipanga wa Xiaobei

Dada Zuhura, nashukuru sana, na la mtu aliyelala niko nawe moja kwa moja. Mimi sipigi aliyelala, mgonjwa, aliyelewa wala mwombaji. Hawana namna ya kukataa.

Pale tunapotofautiana ni hapa. Tukisubiri idhini kila mara tutabaki na picha za watu wamesimama wima wanatabasamu na vidole viwili juu, maana Mchina ukimuuliza ndivyo atakavyofanya, kwa wema kabisa. Fundi anayekagua mshono hatakagua tena vilevile baada ya kuniona nimemwomba. Kwa hiyo mimi napiga, halafu papo hapo nakwenda, namwonyesha kwenye kioo, nasema "keyi ma?", yaani inafaa? Akikunja uso naifuta mbele yake. Akikubali namtumia kwa WeChat, na nikirudi namletea ya karatasi. Idhini ipo, imekuja dakika moja baadaye. Najua bwana wa sheria hapo juu atasema kutengeneza kumeshafanyika, na kwa herufi za sheria ana haki. Ndiyo maana uso wa mtu mmoja siuweki hadharani kabla hajakubali.

Upande wa pili kuna biashara ya picha za kupanga ambayo siipendi kabisa. Xiapu, mkoani Fujian, mkulima anapita na nyati chini ya miti mikubwa, moshi unafukizwa makusudi, na safu ya wapiga picha wamemlipa apite tena na tena. Huko Xingping, kwenye mto Li, wavuvi wenye ndege wa kuvulia wanakaa juu ya chelezo na taa kwa malipo. Wanajipatia riziki, siwalaumu. Ila picha ile inauzwa kama maisha ya kila siku, na mtu wa kwetu anayeiona anajenga China kichwani ambayo haipo.

Papa wa Goma

Ndugu zangu, mimi niko Guangzhou siku nyingi. Mnaongea juu ya kupiga Wachina. Na sisi je? Nani anatupiga sisi? Aprili 2020 watu wetu walitolewa kwenye vyumba na kwenye hoteli hapa mjini kwa hofu ya korona, wengine walilala nje, mpaka mabalozi wa Afrika walipoandika kulalamika. Wakati ule ukiona simu imeelekezwa kwako moyo unaruka. Mimi mpaka leo mtu akinipiga bila kuniambia ninakasirika. Kwa hiyo ninamwelewa dada wa Yiwu.

Kipanga wa Xiaobei

Papa, pole, na umenikumbusha jambo ambalo nilitaka kulileta.

Wazee wa Xiaobei mnalikumbuka lile daraja la waenda kwa miguu, karibu na jengo la Tianxiu. Miaka ile watu wetu walikuwa wengi, na juu ya daraja walisimama wapiga picha wa Kichina na kamera zao za dijitali, wakiwapiga Waafrika na kuwachapia picha kwa malipo madogo. Wawili kati yao ni Wu Yong Fu na Zeng Xian Fang. Mmarekani Daniel Traub aliwakuta pale, akaona thamani ya kazi yao, akazikusanya na kuzihifadhi picha hizo, na 2015 zikatoka kitabuni pamoja na zake.

Ukiziangalia unaona watu wetu kama walivyotaka kuonekana. Mwanamke na gauni jipya la kitenge, kashika mkoba. Kijana na suti, nyuma yake barabara ya juu na magari. Marafiki wawili wameshikana mabega. Picha za kupeleka nyumbani: mama, nimefika, niko salama. Na aliyezipiga ni mhangaikaji wa Kichina anayetafuta riziki palepale daraja moja nao. Hakuna mwandishi wa habari aliyetuonyesha vizuri vile.

Ndiyo maana nasisitiza kurudisha picha. Katika Kangle sasa kuna mama wa duka la tambi ambaye ukutani kwake, juu ya friji, kabandika picha nilizompigia yeye na wateja wake. Mgeni wa mtaa akiniuliza nafanya nini, mama huyo ndiye anayejibu kabla yangu. Mlinzi alipokuja siku moja kwa sauti ya juu, alimpeleka mbele ya ukuta ule na kumwonyesha moja moja. Kuchapa hakuna gharama, kwenye duka la mtandaoni la Taobao picha ya saizi ya kawaida haifiki hata yuan 1, na inaletwa mlangoni.

Na Papa, kama utapenda, nitakuja nikupige wewe, unavyotaka uonekane. Nami naanza mradi wa watu wetu waliobaki Xiaobei, mabinti wa saluni, wapishi, wanaofunga mizigo. Sitampiga mtu kwa kuvizia.

Papa wa Goma

Njoo Jumamosi mchana. Nitavaa vizuri.

Zuhura wa Yiwu

Hapo nimekuelewa kaka. Ukija Yiwu kufuata mali za soko la Futian nitafute, nikupeleke Binwang. Ukiwa na mimi kina mama hawatakuogopa.

bwana_lenzi

Wakuu mmenimaliza. La mwisho: nataka kuja na kamera ya filamu ya marehemu baba. Nasikia huko kila stesheni ya metro mabegi yanapita kwenye mashine. Filamu zitapona?

Kipanga wa Xiaobei

Ni kweli, begi linapita kwenye mashine kila unapoingia metro. Filamu za ISO 100 na 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) hazina wasiwasi na mashine hizo za kawaida, hata 400. Ila mionzi inajumlika, na wewe utapanda metro mara nyingi kwa siku, kwa hiyo weka roli kwenye mfuko unaoonekana na umwombe mlinzi aziangalie kwa mkono. Wengi wanakubali ukiongea kwa upole. Za 800 na kuendelea usiziachie kabisa.

Hatari zaidi ni uwanja wa ndege, kwenye mashine mpya za aina ya CT, hizo zinaweza kuharibu filamu kwa kupita mara moja. Na kamwe usiweke filamu kwenye begi la kwenda tumboni mwa ndege. Filamu unaweza kununua hukuhuku, kuna Lucky za Baoding, mkoani Hebei. Ukimaliza kupiga zisafishe hapa Guangzhou kabla ya safari, upande ndege na negativu zilizokwisha safishwa. Mashine haiwezi kuzifanya kitu tena.